Kisahani Kilichomteka Mpwa Wangu

Msomaji wangu mpendwa, ikiwa ulilelewa katika mtaa wenye uwanja wa vumbi kama nilivyolelewa mimi, basi bila shaka umewahi kurusha kifuniko cha mkebe wa Kimbo. Unakishika ukingoni, unakunja mkono hadi kifuani, kisha unakiachilia kwa mzunguko. Kikikubali, huelea angani kama mwewe. Kikikataa, humgonga mtoto wa jirani, na usiku huo unalala na alama za ufito mgongoni. Sisi tulidhani kwamba mchezo huo ulikuwa wetu peke yetu, na kwamba mtu akishaota ndevu huuacha pamoja na magari ya waya na mipira ya makaratasi.

Kumbe sivyo! Wako watu wazima, wenye kazi zao, wake zao na watoto wao, ambao huamka alfajiri siku ya Jumapili kwenda kurusha visahani. Leo ningependa tuzungumze kuhusu mchezo huo na jinsi unavyomnasa mtu, kwa sababu uliingia katika jamaa yangu mwenyewe na nusura ulete ugomvi kati yangu na dada yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anaishi Nakuru. Kifungua mimba wake alikwenda kusoma Marekani, katika jimbo la Minnesota, mwezi wa Agosti mwaka wa 2021. Usiniulize karo ilitoka wapi. Harambee ilifanywa, shamba aliloliacha marehemu baba likapungua ekari moja, na mpaka leo kuna watu wa ukoo ambao hatusalimiani vizuri kwa sababu ya ekari hiyo. Kwa hivyo utaelewa ni kwa nini dada yangu aliponipigia simu mwaka uliofuata sauti yake ilikuwa ikitetemeka.

"Kaka," aliniambia, "mtoto amepotea. Ameanza kurusha sahani."

Nilidhani masikio yangu yamenidanganya. Nikamuuliza sahani gani. Akasema hata yeye hajui, ila kila anapompigia simu Jumamosi kijana yuko msituni na watu asiowajua, na nyuma ya sauti yake husikika minyororo. Minyororo! Mzazi yeyote akisikia neno hilo atafikiria jela, ama dini zile za ajabu ajabu. Ilitokea kwamba mwezi wa Oktoba mwaka huo wa 2022 nilikuwa nimealikwa kwenye arusi ya rafiki yangu wa zamani karibu na mji wa Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi. Basi dada akanitwika mzigo. "Nenda ukamwone, kisha uniambie ukweli wote. Usimfiche kwa kuwa ni mpwa wako."

Jumamosi asubuhi kijana alinijia. Alikuwa amenenepa kidogo, jambo lililonifurahisha, na mgongoni alibeba mkoba mzito uliokuwa ukigongagonga kama wa mchuuzi wa sufuria. "Mjomba," alisema, "najua mama amekutuma. Twende ukajionee mwenyewe." Tukaenda hadi bustani moja ya umma iitwayo Kaposia, katika mji wa South St. Paul, mahali penye vilima na miti mingi.

Acha nikueleze mchezo wenyewe, msomaji, maana mimi pia nilieleweshwa pale pale. Wenyewe huuita diski gofu, nami nitauita gofu ya visahani. Kanuni zake ni zile zile za gofu ya vijiti unayoiona pale Muthaiga au Royal Nairobi, isipokuwa hakuna kijiti wala mpira. Unasimama mahali palipotengwa na kurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti, karibu usawa wa kiuno. Juu ya kikapu huning'inia minyororo, ambayo hukizuia kisahani ili kiangukie ndani. Kisahani kikianguka njiani, unakwenda kurushia kutoka pale kilipoangukia. Kikitoka nje ya mipaka, kwa mfano kikiingia mtoni, unaongezewa mtupo mmoja kama adhabu. Kila kituo huitwa shimo, ijapokuwa hakuna shimo lolote, na viwanja vingi vina mashimo 18. Kutoka mahali pa kurushia hadi kikapuni huwa mara nyingi mita 60 hadi 120. Anayemaliza kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi.

Hiyo ndiyo minyororo iliyomnyima dada yangu usingizi.

Kwenye shimo la kwanza tulimkuta mzee mmoja Mmarekani, fundi wa mabomba aliyestaafu, akitungoja. Alinipa mkono, akampiga mpwa wangu begani kama mwanawe, tukaanza kutembea. Ni katika kutembea huko ndipo kijana alipoanza kunisimulia mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani.

Alisema kwamba majira yake ya kwanza ya baridi karibu yamshinde. Kufikia Desemba jua lilikuwa likitua saa kumi na nusu jioni. Alikuwa akitoka darasani gizani, anapita kwenye theluji hadi chumbani, anakula peke yake, analala. Kuna wiki alizomaliza bila kuzungumza na binadamu isipokuwa mwenye duka. Usingizi ukamtoroka. Mara mbili alitafuta bei ya tikiti ya kurudi Nairobi. "Lakini mjomba," alisema huku akitazama majani ya miti, "ningerudi niwaambie nini? Kwamba ekari ilikwenda bure?" Mama yake alipopiga simu, alimwambia kila kitu ki shwari.

Halafu ukaja mwezi wa Aprili, theluji ikaanza kuyeyuka. Siku moja alikuwa akikata njia katikati ya bustani kwenda kushika basi. Kisahani chekundu kikaanguka miguuni pake. Mzee mmoja akapiga kelele kwa mbali kuomba radhi. Kijana akakiokota, na bila kufikiri akakirusha kama tulivyomfundisha Nakuru kurusha kifuniko cha Kimbo. Kisahani kikampita mzee kichwani na kuendelea na safari. Mzee akaja mbio, si kwa hasira, bali kuuliza: "Kijana, umejifunzia wapi?" Mpwa wangu akacheka. Aliniambia kwamba hakuweza kukumbuka alicheka lini mara ya mwisho kabla ya hapo. Basi lake likaondoka. Akaazimwa kisahani, akazunguka na mzee yule mashimo yote 18.

Tangu siku ile nimewauliza wachezaji wengi, msomaji, na karibu wote wana kisa cha namna hiyo. Si wengi walioutafuta mchezo huu. Mmoja alikuwa akimtembeza mbwa wake akaona vikapu akadhani ni vya takataka. Mwingine alibishana na shemeji yake. Mwingine alikuwa amepoteza kazi na alihitaji kitu cha kufanya kisichomgharimu. Huko kwao viwanja vingi viko katika bustani za umma na havina kiingilio. Kisahani kimoja huuzwa kwa dola 10 hadi 20, na kimoja kinatosha kuanzia. Mlango uko wazi, ndiyo sababu watu huingia. Janga la korona lilipofunga viwanja na kumbi za ndani mwaka wa 2020, maelfu kwa maelfu waliingia kwa mlango huo, kwa kuwa mtu angeweza kucheza nje, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake.

Hata chanzo cha visahani ni cha kubahatisha vile vile. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kijana mmoja wa California aitwaye Fred Morrison alikuwa ufukoni akirushiana bati la kuokea keki na mchumba wake. Mpita njia akataka kulinunua kwa senti 25. Dukani bati hilo lilikuwa senti 5. Morrison akapiga hesabu, akaona biashara. Mnamo 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani chake cha plastiki, na mwaka huo huo kikapewa jina la Frisbee. Naye Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, alikirekebisha ili kielee bila kuyumba. Kisha mwaka wa 1975 akatengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni shabaha zilikuwa milingoti mitupu, na watu wakawa wakigombana kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Ndipo alipobuni kikapu cha minyororo ili kumaliza ubishi. Mzee huyo alipofariki mwaka wa 2002, akiwa na umri wa miaka 78, majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Sasa niambie, huko si kutekwa?

Na wale watoto wa kijiji cha Bladworth, nchini Kanada, je? Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1926 walikuwa wakicheza gofu kwa kurusha vifuniko vya mikebe. Nilipolisikia hilo nilitabasamu. Kumbe Kimbo yetu ilikuwa na binamu mbali.

Turudi Kaposia. Baada ya mashimo matatu ya kutazama tu, mikono ilianza kuniwasha. Nikaomba kisahani. Kwa ujuaji wangu nikachagua chembamba chenye ukingo mkali, kile wanachotumia kwa mbali. Nikakirusha kwa nguvu zangu zote za utu uzima. Lo! Kilikwenda hatua ishirini, kikapinda kushoto, kikajichimbia kichakani. Mzee hakucheka. Alinieleza kwamba hilo ndilo kosa la kila mgeni. Kisahani cha mbali hudai kasi ambayo mgeni hana. Mtu anayetumia mkono wa kulia na kurusha kutoka kifuani, kisahani chake kikipungua kasi huanguka kuelekea kushoto. Chembamba kikirushwa polepole huanza kuanguka mapema, basi hupotea. Visahani vingi huandikwa nambari nne zinazoonyesha kasi yake, uwezo wake wa kuelea, kinavyogeuka mwanzoni na kinavyoanguka mwishoni. Mgeni na aanze na kile kinene cha karibu, ambacho huenda polepole na kunyooka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Akanipa kinene hicho. Kwenye shimo la saba nilisimama hatua kumi hivi kutoka kikapuni. Nikakiachilia bila kutumia nguvu. Kikaelea, kikaingia katikati ya minyororo, ikalia chwaaa! Msomaji, siwezi kukueleza sauti ile ilinifanya nini. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona timu yake ikifunga bao dakika ya mwisho. Mpwa wangu akaniambia, "Sasa umekwisha, mjomba. Hivyo ndivyo inavyoanza."

Alisema kweli. Hivyo ndivyo inavyoanza, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Mchezo huu haukunasi kwa ushindi. Hukunasa kwa mtupo mmoja mzuri kati ya hamsini mibaya. Ule mmoja hukuambia kwamba unaweza, na ile hamsini hukuambia ujaribu tena. Kisha unanunua kisahani cha pili kwa sababu cha kwanza hakipindi upande fulani, halafu cha tatu kwa sababu cha pili kimezama ziwani. Bandu bandu huisha gogo, na pesa pia.

Tulipokaa kwenye benchi kupumzika, nilimwomba kijana afungue mkoba. Nikahesabu visahani 23. Kwa dola 15 kila kimoja, hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000 kwa bei ya dola ya mwaka ule. Nikamuuliza mama yake huuza lita ngapi za maziwa kupata shilingi 40,000. Akanyamaza. Nikamuuliza masomo yanaendeleaje. Akanyamaza zaidi. Mwishowe alikiri kwamba mtihani wa katikati ya muhula wa kemia ulikuwa umemwangusha. Tangu Septemba alikuwa akirusha kila jioni, na giza likiingia walibandika vitaa vidogo kwenye visahani wakaendelea.

Akajaribu kujitetea. Akaniambia kuhusu Paul McBeth, bingwa wa Marekani ambaye mwaka wa 2021 alitia saini mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10 na kampuni ya visahani. Akaniambia kuhusu Kristin Tattar wa Estonia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka huo huo wa 2022, na ambaye baadaye alikuja kuutwaa tena mwaka wa 2023. Akaniambia kuhusu David Wiggins, aliyerusha kisahani mita 338 mwaka wa 2016, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya kandanda. Nikamwambia, "Mwanangu, hao nimewasikia. Je, wewe umerusha mita ngapi?" Akainama. "Tisini." Yule mzee, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, akaguna kisha akasema neno moja lililonishangaza. Alisema kwamba laiti angejua habari ya kemia, asingekuwa akimpigia simu kijana siku za kazi. Yeye alidhani anamsaidia mtoto mpweke.

Basi tukakubaliana sisi watatu palepale kwenye benchi. Jumatatu hadi Ijumaa mkoba ukae kwa mzee. Jumamosi ni ya visahani. Hakuna kununua kipya mpaka cha zamani kipotee. Na jambo la nne lilikuwa langu: kijana ampigie mama yake simu usiku huo huo na amwambie habari zote, kuanzia ile baridi ya kwanza. Hilo lilimtisha kuliko hayo mengine yote. Nilikaa kando yake alipokuwa akizungumza. Upande wa pili kulikuwa kimya muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha nikasikia dada yangu akilia, na baadaye akauliza, "Huyo mzee, anakunywa chai?"

Kilo mbili za majani chai zilifika Minnesota kabla ya Krismasi.

Nakusimulia haya, msomaji, kwa sababu mbili. Kwanza, wewe mzazi. Mwanao akishikwa na jambo usilolielewa, iwe ni visahani, michezo ya kompyuta au muziki wa kelele, usianze kwa kumpokonya. Uliza kwanza lilimkuta akiwa katika hali gani. Dada yangu aliona sahani zikimpoteza mwanawe, kumbe mtoto alikuwa amepotea miezi minne kabla ya kuziona, na sahani ndizo zilizomrudisha kwa watu. Hata hivyo usiishie hapo kwa huruma. Dawa ikizidi kipimo huwa sumu, na kemia haijali ulikuwa mpweke kiasi gani.

Pili, wewe mwanafunzi. Upweke si aibu, na hauko Marekani peke yake. Uko pia katika mabweni yetu hapa, katika chumba cha kupanga huko Kahawa na Juja. Ukiulizwa na mama kama u salama, usijibu kwa mazoea. Halafu tafuta jambo la kukutoa nje, lenye watu ndani yake.

Na ikiwa umeshawishika kujaribu visahani vyenyewe, huna haja ya kungoja kikapu cha minyororo. Headrick alianza na milingoti. Chagueni mti au nguzo uwanjani, hesabuni mitupo, atakayegusa kwa michache ashinde. Baba, mama na watoto waweza kucheza pamoja, kwa kuwa mchezo hauhitaji mbio wala mabavu. Ila tafadhali, mbali na madirisha na magari ya wapangaji wengine, na msirushe wakati kuna mtu anapita mbele. Kisahani cha gofu ni kigumu kuliko kile cha ufukoni, nacho huumiza.

Mpwa wangu aliirudia kemia akaipita, na mwaka wa 2025 alihitimu. Angali anarusha Jumamosi. Nami? Niliporudi nyumbani, mzee alikuwa amenitia kile kinene mkobani bila mimi kujua. Mke wangu alikiona akauliza ni sahani ya nini. Nikamwambia ni ya kulia matunda. Wiki iliyofuata alinikuta nyuma ya nyumba saa kumi na mbili asubuhi, nikilenga karai alilofulia nguo. Nilikuwa nimekosa mara kumi na nne, na nilikuwa nikisema, "Moja tu ya mwisho."

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.